Moscato Bianco: harufu yake inatoka wapi, na utamu wake ni wa nani?

Mhudumu wa Mvinyo ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Ninajifunza kazi ya kuhudumia mvinyo mezani, na katika masomo yangu nimefika kwenye zabibu nyeupe za Italia zenye manukato, zile zinazotengenezewa mvinyo mtamu. Iliyonivutia kuliko zote ni Moscato Bianco ya mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo. Vitabu nilivyo navyo huitaja kwa aya mbili au tatu kisha huendelea na Nebbiolo na Barbera, zabibu nyekundu za mkoa huo, kana kwamba mvinyo mtamu haustahili maelezo, na mimi naona kwamba hapo wasomaji tunanyimwa haki yetu.

Yanayonitatiza ni haya. Mvinyo mwingi mweupe haunukii zabibu. Unaweza kupata ndani yake harufu ya ndimu, ya tufaha, ya asali au hata ya mkate, lakini tunda lenyewe halionekani tena. Moscato d'Asti ni kinyume chake, kwa maana hunukia kama kishada kilichokatwa muda huo huo. Je, ndani ya zabibu hii kuna kitu gani ambacho nyingine hazina? Pili, nimewasikia watu wakidai kwa uhakika mkubwa kwamba utamu wake ni wa sukari iliyotiwa na mtengenezaji, na kwamba uchache wa alkoholi yake ni dalili ya mvinyo uliozimuliwa kwa maji. Siamini kwamba ni kweli, lakini sina hoja za kutosha za kuwajibu. Tatu, lebo zinanichanganya: Moscato d'Asti, Asti, Loazzolo, Zibibbo, passito. Je, hizi zote ni zabibu moja, au ni ndugu, au ni majina ya namna za utengenezaji? Mwisho, ningependa kujua kama chupa ya mvinyo huu inafaa kuhifadhiwa kwa miaka, au inywewe mara inaponunuliwa.

Mkemia wa Chakula amejibu:

Ndugu Mhudumu, nitashughulikia swali lako la kwanza tu, kwa kuwa hayo mengine wapo humu wanaoyafahamu kwa mikono yao.

Harufu unayoisema inatokana na kundi la kemikali zinazoitwa terpini. Katika Moscato Bianco zilizo muhimu zaidi ni linaloli, geranioli na neroli. Linaloli ndiyo inayotawala, nayo hupatikana pia katika maua ya mchungwa na katika lavenda, ilhali geranioli ni sehemu ya harufu ya waridi. Terpini zimo katika zabibu nyingi, lakini kwa kawaida kiasi chake ni kidogo mno hata pua ya binadamu haiwezi kuzitambua. Katika jamii ya Moscato kiasi hicho hukipita mbali kile ambacho pua inahitaji. Ndiyo maana harufu ya mvinyo huu haizaliwi wakati wa uchachushaji, kama ilivyo kwa mivinyo mingi ambayo sehemu kubwa ya manukato yake ni kazi ya hamira au ya pipa. Inakuwa imekwisha kukamilika shambani, na mtu akitafuna punje moja pale pale kwenye mzabibu hupata harufu ile ile atakayoikuta baadaye kwenye glasi. Kwa maoni yangu hakuna zabibu nyingine inayomfundisha mwanafunzi kwa uwazi kama huo tofauti kati ya harufu ya tunda na harufu ya utengenezaji.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vya utangulizi huliruka. Sehemu kubwa ya terpini zilizomo ndani ya punje imefungamana na molekuli za sukari, na zikiwa katika hali hiyo hazinukii kabisa. Zilizo huru tu ndizo zinazofika puani. Vimeng'enya, asidi na kupita kwa muda huweza kuvunja kifungo hicho, ili baadhi ya harufu iliyokuwa imefichika ijitokeze baadaye. Aidha, terpini hazikugawanyika sawasawa ndani ya punje: geranioli na neroli zimo zaidi kwenye ganda, wakati linaloli imeenea kwenye ganda na kwenye maji ya tunda pia. Kwa hiyo namna ya kukamua, na muda ambao maji ya zabibu yanakaa pamoja na maganda, hubadilisha uwiano wa harufu, ingawa mtu akizidisha anaweza kupata uchungu pamoja na manukato.

Terpini huru ni dhaifu. Muda ukipita, na hasa kukiwa na joto, asidi ya mvinyo huigeuza linaloli kuwa alfa-terpineoli na kemikali nyingine ambazo harufu yake ni hafifu zaidi. Hata kwenye mzabibu wenyewe hazidumu, kwa sababu zabibu inapozidi kuiva, sukari huendelea kupanda huku terpini zikianza kushuka. Anayevuna Moscato kwa kuangalia kipimo cha sukari peke yake huweza kufika shambani akiwa amechelewa.

Fundi wa Ghala amejibu:

Namshukuru Mkemia, kwa sababu maelezo yake yananipa mahali pa kuanzia. Kazi yote ya ghala katika Moscato d'Asti inatokana na ukweli huo mmoja, kwamba harufu imekwisha kukamilika kabla zabibu hazijafika mlangoni, na mtengenezaji hana la kuongeza bali ana mengi ya kupoteza.

Nianze na madai ya sukari, maana yananiumiza kila ninapoyasikia. Hamira inapokula sukari ya zabibu hutoa alkoholi na hewa ya ukaa. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa takriban asilimia 1 ya alkoholi. Tuchukue maji ya zabibu yenye gramu 210 za sukari kwa lita. Yakiachwa yachachuke mpaka mwisho, tutapata mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, wenye alkoholi ya asilimia 12 na kidogo. Lakini tukiusimamisha uchachushaji alkoholi inapofika asilimia 5, zitakuwa zimeliwa gramu 85 tu, na gramu 125 zitakuwa zimebaki kama zilivyotoka kwenye tunda. Hapo ndugu yetu Mhudumu anapata majibu ya mambo mawili kwa pamoja: utamu ni wa zabibu yenyewe, na alkoholi ni kidogo kwa sababu sukari iliyopaswa kuizaa bado iko ndani ya chupa. Hakuna maji popote. Kanuni za Moscato d'Asti zinataka alkoholi iwe kati ya asilimia 4.5 na 6.5, na mvinyo usiotimiza sharti hilo hauruhusiwi kubeba jina.

Namna ya kuusimamisha uchachushaji ndiyo iliyowasumbua watu kwa karne nyingi. Leo maji ya zabibu yakishakamuliwa na kusafishwa hupozwa mpaka karibu na sifuri ya Selsiasi na kuhifadhiwa hivyo, hamira ikiwa haina uwezo wa kufanya kazi. Mtengenezaji huyatoa kidogo kidogo katika mwaka kadiri anavyohitaji, akayapasha joto taratibu, akayachachusha ndani ya tangi la chuma lililofungwa, ili sehemu ya hewa ya ukaa ibaki ndani ya mvinyo, kisha akayapoza tena ghafla na kuyachuja kwa chujio laini sana ili pasisalie hata chembe moja ya hamira. Faida yake ni kwamba chupa inayotoka ghalani mwezi wa Mei inaweza kuwa na harufu changa kama ile iliyotoka mwezi wa Desemba. Yule anayedhani kwamba matangi makubwa ya baridi ni alama ya mvinyo wa kiwandani usio na roho, naomba afikirie upya, kwa sababu kwa zabibu hii baridi ndiyo inayolinda kazi ya mkulima.

Kabla ya mashine za baridi watu walitumia njia ya kuchosha. Mnamo mwaka 1606 Giovan Battista Croce, sonara aliyemtumikia Duke Carlo Emanuele I wa Savoia na aliyekuwa na mizabibu yake kwenye vilima vya Torino, alichapisha maelezo ya utengenezaji wa mvinyo wa sehemu hizo, na watu wa Piemonte humhesabu hadi leo kama mwanzilishi wa Moscato yao. Njia iliyodumu huko ilikuwa kuyapitisha maji ya zabibu katika mifuko ya nguo, tena na tena, kila uchachushaji ulipoanza kuamka. Wengi hufikiri kwamba mifuko hiyo iliondoa hamira tu. La muhimu zaidi ni kwamba hamira hufyonza naitrojeni na virutubisho vingine inapoongezeka, na kila inapochujwa huondoka navyo, hata baada ya kuchujwa mara nyingi maji ya zabibu yanakuwa bado na sukari tele lakini yamefukarika kiasi kwamba hamira mpya haipati cha kuijenga. Watu hao hawakuwa na neno naitrojeni, lakini walilijua jambo lenyewe vizuri kabisa.

Mwaka 1865, katika mji wa Canelli, Carlo Gancia, aliyekuwa amejifunza kazi huko Reims nchini Ufaransa, alitumia Moscato kutengeneza mvinyo wa povu kwa njia ya Champagne, yaani kwa kuuchachusha mara ya pili ndani ya chupa. Tatizo halikukawia kuonekana. Mvinyo wa Champagne huingia kwenye chupa ukiwa mkavu, ukatiwa kiasi cha sukari kilichopimwa, kwa hiyo shinikizo lake linajulikana tangu mwanzo. Moscato huingia ukiwa bado umejaa sukari yake, na hamira isipoisha nguvu kwa wakati chupa hupasuka. Federico Martinotti, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa mvinyo mjini Asti, ndiye aliyepata ufumbuzi. Mwaka 1895 alisajili njia ya kuchachusha mvinyo wa povu ndani ya chombo kikubwa kilichofungwa, ambamo mtu anaweza kusimamia joto na shinikizo la mvinyo wote kwa pamoja. Mfaransa Eugène Charmat aliikamilisha njia hiyo mwaka 1907, na duniani kote jina lake ndilo linalotajwa zaidi. Mimi huwataja wote wawili, na humtanguliza Martinotti, kwa sababu ndiye aliyeanza.

Sasa lebo mbili za kwanza. Moscato d'Asti na Asti hutengenezwa kwa zabibu hiyo hiyo moja, kutoka mikoa midogo ya Asti, Cuneo na Alessandria, na zote mbili zilipewa mwaka 1993 daraja la DOCG, lililo la juu kabisa katika sheria ya mvinyo ya Italia. Tofauti ni mahali ambapo fundi anasimamisha kazi ya hamira. Moscato d'Asti husimamishwa mapema, na shinikizo lake haliruhusiwi kuzidi bar 2.5, ndiyo maana hufungwa kwa kizibo cha kawaida kisichohitaji waya. Asti ni mvinyo wa povu kamili: shinikizo lake halipungui bar 3, alkoholi yake ya kawaida ni karibu asilimia 7 au zaidi kidogo, na kizibo chake hufungwa kwa waya. Tangu mwaka 2017 ipo pia Asti Secco, ambayo si tamu. Humo zabibu bado inanukia, ila ulimi haukuti sukari ambayo pua iliahidi. Ni mvinyo uliotengenezwa kwa ustadi, lakini mimi naona kwamba Moscato ikinyimwa utamu wake hupoteza nusu ya sababu ya kuipanda.

Mtafiti wa Mizabibu amejibu:

Ndugu Mhudumu ameuliza kama majina haya ni zabibu moja au ni ndugu. Jibu fupi ni kwamba mengine ni hili na mengine ni lile, na asipotenganisha atachanganyikiwa siku zote.

Moscato Bianco ni mzabibu mkongwe sana wa eneo la Mediterania. Wafaransa huuita Muscat Blanc à Petits Grains, yaani ule wenye punje ndogo, na wapo wanaouita Moscato di Canelli kwa heshima ya mji ambao Fundi ameutaja. Waandishi wa Kirumi walizungumzia zabibu iliyopendwa mno na nyuki, na wengi wameihusisha na Moscato kwa sababu ya utamu na manukato yake. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mzabibu huu ni mzazi wa mingine mingi. Zibibbo, ambayo kwa jina lingine huitwa Muscat ya Alexandria, ni mtoto wake, aliyepatikana kwa kuchanganyika na mzabibu mwekundu wa visiwa vya Ugiriki. Moscato Giallo, inayokuzwa kaskazini-mashariki na ambayo kwenye vilima vya Euganei karibu na Padova hutoa mvinyo uitwao Fior d'Arancio, nayo ni uzao wake. Kwa hiyo mtu akiziita zote Moscato hajakosea kuhusu ukoo, lakini Zibibbo si Moscato Bianco: punje zake ni kubwa zaidi, zimerefuka kidogo, hufaa kuliwa mezani na kukaushwa, na huhitaji joto ambalo vilima vya Piemonte havina.

Upande wa pili, Moscato Bianco yenyewe hupatikana chini ya majina ambayo hayafanani. Kule Montalcino, Toscana, hutengenezewa Moscadello. Katika Sicilia kuna Moscato di Noto na Moscato di Siracusa. Katika Puglia kuna Moscato di Trani. Zote ni zabibu ile ile, ila jua ni tofauti na mila ya ghala ni tofauti, na mivinyo hiyo ya kusini ni mizito, yenye alkoholi nyingi na rangi ya dhahabu, isiyofanana hata kidogo na ule wepesi wa Asti.

Niseme kidogo kuhusu shamba, kwa sababu mwanafunzi wa mvinyo asiyejua shamba hujua nusu. Moscato Bianco ni mzabibu unaohitaji uangalizi. Ganda la punje yake ni jembamba na vishada vyake vimebanana, hivyo hushambuliwa kwa urahisi na ubwiriunga na ukungu wa kijivu, na zinapokaribia kuiva nyigu huzifuata. Hupenda udongo mweupe wenye chokaa usiotuamisha maji, na vilima vya Canelli, Santo Stefano Belbo, Mango na Castiglione Tinella vinao kwa wingi. Sehemu bora ni miteremko mikali inayotazama kusini ambayo wenyeji huiita sorì. Baadhi yake ina mwinuko ambao trekta haiwezi kuupanda, kwa hiyo kila kazi hufanywa kwa mikono, kuanzia kupogoa hadi kuvuna. Mvuno kwa kawaida huangukia mwanzoni mwa Septemba, mapema kuliko Nebbiolo kwa zaidi ya mwezi mzima, na hewa ya usiku katika vilima hivyo husaidia zabibu kubaki na asidi, ambayo bila hiyo mvinyo wenye sukari nyingi namna ile ungechosha kinywa baada ya glasi ya kwanza. Mwaka 2014 UNESCO iliandikisha mandhari ya mizabibu ya Langhe, Roero na Monferrato katika orodha ya urithi wa dunia, na Canelli pamoja na maghala yake yaliyochimbwa chini ya mji ni mojawapo ya maeneo yaliyotajwa.

Passito si jina la zabibu. Ni mvinyo unaotengenezwa kwa zabibu zilizokaushwa kwanza, juani, kivulini au kwenye mzabibu wenyewe, ili maji yapungue na sukari izidi. Loazzolo, kijiji kilicho kusini mwa Canelli, kilipata DOC yake, yaani daraja lililo chini ya DOCG, mwaka 1992 kwa mvinyo wa namna hiyo wa Moscato Bianco: zabibu huchelewa kuvunwa na kuachwa zinyauke, na mvinyo hukaa angalau miaka 2 kabla ya kuuzwa. Strevi, katika Alessandria, nayo ina passito yake. Mashamba ni machache na chupa ni chache, na ukiikuta mojawapo usiipite.

Mhudumu wa Mvinyo ameandika:

Nawashukuru nyote kwa moyo mkunjufu, maana mmenipa zaidi ya nilichoomba. Hata hivyo kuna jambo ambalo sasa linanitatiza kuliko mwanzo. Ndugu Mkemia amesema kwamba zabibu ikizidi kuiva, terpini hupungua. Ndugu Mtafiti anasema kwamba passito hutengenezwa kwa zabibu zilizoachwa mpaka zikanyauka. Kama yote mawili ni kweli, je, passito ya Moscato haipaswi kuwa mvinyo mtamu usio na harufu? Ilhali wote walioionja husema kwamba manukato yake hujaza chumba.

Mkemia wa Chakula amejibu:

Swali lako ni zuri na linagusa kiini cha jambo. Mambo matatu hutokea kwa wakati mmoja, na yanavutana.

Kwanza, ni kweli kwamba terpini huru, hasa linaloli, hupungua zabibu inapokauka. Pili, maji yanapoondoka, kila kilichobaki ndani ya punje hukolea, zikiwemo terpini ambazo bado zimefungamana na sukari, na hizo huweza kufunguka polepole ndani ya mvinyo. Tatu, ukaushaji wenyewe huzaa harufu mpya ambazo hazikuwemo katika tunda bichi. Matokeo yake ni kwamba passito haikosi harufu, bali ina harufu nyingine. Maua ya mchungwa na pichi mbichi hurudi nyuma, na mahali pake huja aprikoti iliyokaushwa, asali, tini na tende. Ukiweka Moscato d'Asti na Loazzolo kwenye glasi mbili kando kwa kando, utatambua kwamba ni tunda moja, lakini hutaweza kusema kwamba moja ina harufu zaidi na nyingine ina harufu pungufu, kwa kuwa hazisemi lugha moja.

Watu wa kisiwa cha Pantelleria, naamini, ndio waliolitatua tatizo hili kwa akili kubwa kuliko wote, lakini hilo namwachia Mtafiti.

Mtafiti wa Mizabibu amejibu:

Nalipokea kwa furaha, maana kisiwa hicho nakipenda.

Pantelleria ni kisiwa cha volkano chenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 83, kilichoko baharini kati ya Sicilia na Tunisia, na kiko karibu zaidi na Tunisia. Upepo hauachi kuvuma, na mvua ni haba. Zibibbo hupandwa huko kama kichaka kifupi katika shimo dogo lililochimbwa makusudi, mashina yakiwa chini ya usawa wa ardhi, ili upepo upite juu ya majani na unyevu mdogo wa usiku ukusanyike kwenye mizizi. Mwaka 2014, mwaka ule ule wa vilima vya Piemonte, UNESCO iliiweka desturi hiyo ya kilimo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hakuna mashine inayoweza kufanya kazi humo. Mkulima huinama mwaka mzima, na watu wanaoshangaa bei ya chupa moja ya Passito di Pantelleria wangeelewa kila kitu kama wangeshuhudia siku moja tu ya kupogoa.

Sasa kuhusu ufumbuzi aliousema Mkemia. Sehemu ya zabibu huvunwa mwezi wa Agosti na kuanikwa juani kwa wiki kadhaa hadi zinakauka. Nyingine huachwa kwenye mizabibu na kuvunwa baadaye zikiwa mbichi, zikakamuliwa na kuanza kuchachuka. Hapo ndipo zile kavu, zikiwa zimenyambuliwa kutoka kwenye vikonyo, hutiwa kidogo kidogo ndani ya maji ya zabibu yanayochachuka. Zinajaa tena, zinaachia sukari yake na harufu yake ya aprikoti na tini, ilhali zabibu mbichi zimekwisha kutoa maua na miski. Mvinyo unaopatikana una manukato ya aina zote mbili ndani yake, una alkoholi isiyopungua asilimia 14 kwa kawaida, na bado ni mtamu sana. Kwa kipimo changu hiyo ndiyo kazi kuu kuliko zote zinazofanywa na jamii ya Moscato nchini Italia.

Fundi wa Ghala amejibu:

Naiheshimu Pantelleria na siwezi kusema neno baya juu yake, lakini sikubaliani na Ndugu Mtafiti katika hilo la mwisho. Passito ni mvinyo mkubwa, ila jua, upepo na muda vimeshiriki kuuandika. Katika Moscato d'Asti iliyotengenezwa vizuri hakuna mahali pa kujificha: hakuna pipa, hakuna umri, hakuna alkoholi ya kuupa mwili, na ikiwa zabibu ilikuwa dhaifu, glasi itasema hivyo mara moja. Anayetaka kuijua zabibu yenyewe, na aanze hapo.

Nimalizie swali la kuhifadhi, ambalo naona bado linasubiri. Moscato d'Asti inywewe ikiwa changa, ndani ya mwaka wa mvuno au mwaka unaofuata, kwa sababu ya mambo yale ambayo Mkemia ameyaeleza kuhusu linaloli. Angalia mwaka ulioandikwa kwenye lebo kabla ya kununua, na kama muuzaji ameiweka chupa dirishani penye jua, tafuta nyingine. Wapo mafundi wachache ambao Moscato yao huvumilia miaka kadhaa na kupata harufu ya majani ya seji na asali, na mtu mwenye subira anaweza kujaribu, lakini si jambo la kumpa mgeni aliyeagiza kinywaji chepesi. Asti nayo haingoji. Loazzolo na Passito di Pantelleria ndizo zinazoweza kukaa kwa miaka mingi, kwa kuwa sukari na alkoholi huzilinda, na kwa kuwa harufu zake haziutegemei tena ule upya wa siku za kwanza.

Mezani, ipoze Moscato d'Asti hadi nyuzi joto 6 au 8 za Selsiasi, na uimimine katika glasi yenye tumbo, si ile nyembamba ndefu inayozuia harufu kutoka. Huko Piemonte huiandaa pamoja na keki ya hazelnati, na wakati wa Krismasi pamoja na panettone, mkate mtamu wa sikukuu hiyo. Itakwenda vizuri na kitindamlo chochote chepesi cha matunda, mradi kisiwe kitamu kuliko mvinyo wenyewe, kwani hapo mvinyo utaonekana mkali na mwembamba. Passito iwe na baridi ndogo zaidi, nyuzi 10 hadi 12 hivi, kwa kiasi kidogo katika glasi, na ukiwa na gorgonzola au jibini nyingine ya ukungu wa buluu, chumvi yake na utamu wa mvinyo vitapatana bila kuhitaji kitu kingine. Chokoleti nyeusi iepushe na zote mbili.